Farasi wa Gilgil na Gwaride la London

Tarehe 19 Septemba 2022, jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili lilipotolewa Westminster Abbey, waliotangulia mbele ya msafara hawakuwa Waingereza. Walikuwa polisi wanne wa Kanada waliovaa makoti mekundu na kofia pana, kila mmoja juu ya farasi wake. Watu wa kila bara waliwaona kwenye runinga, na wengi ambao hawajui hata mji mkuu wa Kanada waliwatambua mara moja.

Kenya nayo ina polisi wapanda farasi. Makao yao ni Gilgil, Kaunti ya Nakuru, chini ya ASTU, kikosi cha kukabiliana na wizi wa mifugo. Hutumia farasi na ngamia kufuata nyayo za wezi mahali ambapo gari haliwezi kupita. Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: je, tuwaandae askari hao waende kushiriki magwaride ya nje kama wanavyofanya Wakanada?

Nimeileta hoja hii Kathonzweni, Makueni, kwa sababu mbili. Ukambani umetoa askari wengi sana tangu enzi za mkoloni, jeshini na polisi, kwa hiyo gwaride si habari ngeni kwa watu wa huku. Pili, hii ni nchi ya punda, na sababu za farasi kukosekana huku zinaingia moja kwa moja kwenye mjadala. Sauti tano zinazozungumza nimezitunga mimi. Historia wanayoitaja ni ya kweli, na misimamo yao ni ile ambayo mtu wa Ukambani ataitambua bila kuelezwa.

AFANDE, polisi mstaafu: Mimi naunga mkono, tena bila kusita. Faith Kipyegon akishinda Olimpiki, bendera yetu inapanda na wimbo unapigwa. Je, polisi wetu wanajulikana wapi kwa jambo jema? Mwaka 2016, Malkia alipotimiza miaka 90, Oman ilipeleka wapanda farasi wake Windsor. Chile ilikwenda, Fiji ilikwenda. Sisi tuna askari wanaolala porini na farasi wao, na hakuna anayewajua. Askari akijua kwamba siku moja ataiwakilisha nchi, atapiga pasi sare yake vingine na atamtunza farasi wake vingine.

KIJANA, mwendesha bodaboda: Mzee, samahani. Pasi na farasi vinamsaidia nini mtu aliyeibiwa mbuzi?

AFANDE: Vinamsaidia sana, kijana wangu, na nitakwambia kwa nini. Farasi wa polisi hafundishwi kutembea tu. Anafundishwa kusimama bila kutoroka ngoma ikipigwa, umati ukipiga kelele, bunduki ikilia. Mwaka 1981, katika gwaride la London, kijana mmoja alifyatua risasi baridi sita karibu na Malkia. Malkia alikuwa juu ya farasi jike aitwaye Burmese, zawadi ya polisi wa Kanada ya mwaka 1969. Farasi alishtuka kidogo, akatulizwa, gwaride likaendelea. Farasi wa namna hiyo ndiye ninayemtaka Baragoi. Mwaka 2012 zaidi ya askari 40 waliuawa Bonde la Suguta wakifuata ng'ombe walioibwa. Gari halipiti kule. Mafunzo ya gwaride na mafunzo ya vita vya wezi wa mifugo yanaanzia uwanja mmoja.

MWALIMU, mstaafu, aliyefundisha historia: Afande, mimi nakuheshimu, lakini hukumbuki kwamba wazee wetu walishakwenda kwenye gwaride la London? Tarehe 8 Juni 1946 London ilifanya gwaride la ushindi. Kikosi cha Afrika Mashariki kilipita barabarani pamoja na vikosi vya himaya nzima. Askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walikuwa wametoka Burma. Mwaka 1944 walikuwa Bonde la Kabaw, mvua za masika zikiwanyeshea, malaria ikiwaua, wakiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Wakamba walikuwa wengi miongoni mwao. Waingereza wakatupa na sifa kwamba sisi ni kabila la vita.

AFANDE: Sifa ambayo tuliistahili.

MWALIMU: Ushujaa tuliustahili. Hiyo sifa nyingine ilikuwa na kazi yake. Wazee waliporudi walipewa kiinua mgongo. Askari Mwafrika alipata takriban theluthi moja ya kile alichopata askari Mzungu wa cheo cha chini kwa kila mwezi wa utumishi, na hilo liliandikwa kwenye nyaraka za serikali yenyewe. Gwaride lilipita mbele ya mfalme, na watu wa London wakapiga makofi. Hesabu ya pesa ilifanywa ofisini, na huko hakukuwa na makofi. Halafu angalia mwaka 1953. Elizabeth anatawazwa tarehe 2 Juni, vikosi vya makoloni vinapita London kwa madaha. Siku hiyo hiyo Kenya iko ndani ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na batalioni za KAR ziko msituni Aberdare zikiwinda Wakenya wenzao. Ukimtazama askari kwenye gwaride huwezi kujua anafanya nini nyumbani. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Hapa lazima niingilie, maana Mwalimu amegusa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo uzito wa mjadala wote. Kuna gwaride jingine la Wakamba ambalo halikuwa na mwaliko. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Ukambani wapunguzwe kwa nguvu, kwa madai kwamba walikuwa wanaharibu ardhi. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa Athi River, kikihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Mnamo Julai maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini mwaka haukuisha kabla serikali haijaachana na uuzaji wa lazima. Moja ya mambo yaliyoitia serikali hofu ni kwamba Wakamba walikuwa wamejaa jeshini na polisi, na ndugu zao ndio waliokuwa wamepiga kambi Nairobi. Waliovaa sare na wasiovaa walikuwa watu wamoja. Sijui sifa kubwa zaidi ya askari kuliko hiyo.

MAMA, mkulima na muuza ndengu: Mwalimu, nyinyi mnazungumza London. Mimi naomba kuuliza juu ya maji. Huyo farasi anakunywa kiasi gani kwa siku?

DAKTARI, daktari wa mifugo: Lita thelathini hadi arobaini, mama. Kukiwa na joto na kazi nyingi, zaidi ya hapo.

MAMA: Basi ni mitungi miwili. Punda wangu hubeba mitungi minne kutoka mtoni, na hayo ndiyo maji ya nyumba nzima. Farasi mmoja anakunywa nusu ya safari ya punda wangu. Na majani yake?

DAKTARI: Majani makavu yaliyokatwa vizuri, nafaka, chumvi, kwato kupigwa viatu kila baada ya wiki chache, dawa za minyoo, chanjo. Punda anaweza kuishi kwa mabua ya mahindi na vichaka. Farasi hawezi.

MAMA: Sikatai. Nataka tu ijulikane kwamba farasi analipiwa na sisi.

DAKTARI: Na kuna jambo kubwa kuliko gharama. Naomba mnipe nafasi nilieleze vizuri, kwa sababu watu huzungumzia farasi kwenda Ulaya kama wanavyozungumzia mwanariadha kupanda ndege. Farasi wa Kenya hawezi kufanya hivyo. Afrika kusini ya Sahara kuna ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unasababishwa na virusi, na unaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni hadi alfajiri. Farasi asiye na kinga akiupata, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na katika mlipuko mbaya farasi tisa kati ya kumi hufa. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Punda wetu nao huvistahimili, mara nyingi hata huwezi kujua kwamba wameambukizwa.

KIJANA: Kwa hiyo punda wa Mama ni shujaa kuliko farasi wa Malkia.

DAKTARI: Katika jambo hili, ndiyo. Mwaka 1987 Hispania iliingiza pundamilia kutoka Namibia, ugonjwa ukalipuka, na iliwachukua miaka kadhaa kuumaliza. Mwaka 2020 ulifika Thailand ukaua mamia ya farasi. Tangu hapo kila nchi inaogopa. Farasi kutoka ukanda wetu akitaka kuingia Ulaya anakutana na karantini, vipimo na masharti marefu. Kwa hiyo Afande, kama ndoto yako ni kumtoa farasi Gilgil umtembeze mbele ya kasri la Buckingham, sahau.

AFANDE: Wakanada je? Wao walivukaje bahari?

DAKTARI: Mwaka 1897, kwenye jubilei ya Malkia Victoria, walivuka na farasi wao kwa meli. Lakini wale wa mwaka 2022 walipanda farasi waliokuwa tayari Uingereza. Walikuwa wametolewa zawadi na polisi wa Kanada miaka ya nyuma: George, Elizabeth, Darby na Sir John. Askari walikwenda wao wenyewe. Mwaka 2023 Mfalme Charles naye alipewa mmoja, Noble.

AFANDE: Basi na sisi twende na askari peke yao. Mpandaji mzuri atampanda farasi yeyote.

Hiyo ni hoja nzuri, na ninakiri Afande aliinua mjadala hapo. Lakini Daktari hakuwa amemaliza. Aliyoyasema baadaye ndiyo yaliyonifanya nione kwamba hoja hii ya magwaride ina mizizi Makueni kwenyewe.

DAKTARI: Mnajua kwa nini hamna farasi huku? Kuna usubi, na kulikuwa na mbung'o. Mbung'o huleta nagana, na farasi hastahimili nagana. Nchi hii ya Makueni ilikuwa kichaka cha mbung'o na vifaru. Kuanzia mwaka 1944 serikali ilimtuma mwindaji J. A. Hunter, akaua vifaru karibu elfu moja ili watu waletwe kuishi. Kisha vichaka vikakatwa na watu wakapewa mashamba. Babu zenu walihamia mahali ambapo farasi angekufa. Hata kabla ya hapo, angalia vita vya 1916. Jenerali Smuts aliingia Tanganyika na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Mbung'o na ugonjwa wa farasi viliwamaliza wanyama hao kwa maelfu, na farasi walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa watu.

MWALIMU: Kariakoo.

DAKTARI: Ndiyo, Mwalimu. Jina la vikosi vya wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, na Wakamba walikuwa miongoni mwao. Kila mara jeshi la wageni lilipotegemea farasi katika nchi isiyo ya farasi, Mwafrika ndiye aliyebeba pengo.

MAMA: Kumbe. Na sisi tunaita mtaa Kariokor bila kufikiri.

KIJANA: Mimi nina jambo la kusema, na wazee wangu wanisamehe. Nimemaliza chuo, niko kwenye pikipiki. Nimekwenda kwenye uajiri wa polisi, nimekimbia, nimepimwa meno, nimerudi nyumbani. Kwa hiyo mtu akisema kikosi cha farasi kiongezwe, mimi naona nafasi za kazi. Lakini nisikilizeni. Nimesoma kuhusu hao Wakanada. Tangu mwaka 1966 askari wao wapya hawafundishwi tena kupanda farasi kama sehemu ya mafunzo ya lazima. Doria yao ni ya magari kama polisi wengine. Wanaopanda ni wale wa maonyesho, wapandaji 32 wenye mikuki na bendera ndogo. Farasi wao anaonyesha kazi iliyokwisha zamani. Farasi wa Gilgil bado anafanya kazi. Kwa hiyo sisi hatuna haja ya kuiga mtu ambaye ameacha kazi akabaki na picha.

MWALIMU: Na picha hiyo haikuwa nzuri kwa kila mtu. Polisi hao hao ndio waliokuwa wakiwachukua watoto wa wenyeji wa Kanada na kuwapeleka shule za bweni kwa nguvu. Mwaka 2004 mkuu wao aliomba radhi hadharani. Koti jekundu linapendeza London. Kuna vijiji Kanada ambako wazee walijificha walipoliona.

AFANDE: Hivyo hakuna polisi duniani anayefaa kutembea kwenye gwaride?

MWALIMU: Sijasema hivyo. Nimesema aulizwe kwanza na watu wa kwao.

KIJANA: Na sisi tuna swali letu. Tarehe 25 Juni 2024 askari wetu 400 walishuka Port-au-Prince, Haiti, dunia ikawapigia saluti. Siku hiyo hiyo polisi waliobaki Nairobi waliwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiandamana nje ya Bunge. Nilikuwa naangalia simu moja, picha mbili. Mzee, wewe umevaa sare hiyo miaka mingi. Niambie nijivunie ipi.

Afande hakujibu haraka. Hili ni swali ambalo kila familia yenye askari Ukambani imejiuliza. Ingekuwa rahisi kumfanya mzee huyu mtetezi wa serikali au msaliti wa vijana, lakini polisi wengi waliostaafu si hivyo wala vile.

AFANDE: Utajivunia yule anayekulinda. Mwingine ni wa kushtakiwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema ashtakiwe. Lakini kijana wangu, usichome sare nzima. Wapo askari wetu waliofia Haiti. Walikwenda kwa amri, wakafanya kazi.

MAMA: Mungu awarehemu. Sasa naomba niseme langu, kisha nirudi sokoni. Dada yangu ameolewa Mutha, Kitui. Kule wafugaji huingia na ngamia kutoka Tana River wakati wa kiangazi. Ngamia wakimaliza majani wanaingia mashambani. Watu wamepigana, watu wamekufa, shule zimefungwa. Wakipiga simu polisi, gari halina mafuta, au lina mafuta na hakuna barabara. Nyinyi mnasema tuna askari wanaopanda farasi na ngamia. Mimi nataka kumwona mmoja Mutha kabla sijamwona London.

DAKTARI: Na Mama, tuseme ukweli wote. Hao wafugaji nao wanafukuzwa na ukame. Askari wa ngamia akienda kule asiende kuwapiga. Aende kuwaelekeza, kuweka mipaka ya malisho, kukamata mwenye bunduki. Ngamia anafaa Kitui mashariki kuliko farasi. Anavumilia kiu, na ugonjwa wa usubi niliowaeleza si adui yake kama ulivyo kwa farasi.

KIJANA: Basi gwaride la nje likija, Kenya ipeleke ngamia.

DAKTARI: Ngamia nao wana karantini yao. Peleka askari.

Nimeiacha Mutha kuwa neno la mwisho la Mama kwa makusudi. Tarehe 20 Oktoba 2025 taifa liliadhimisha Siku ya Mashujaa uwanja wa Ithookwe, mjini Kitui. Kwa siku moja Kitui ilipata gwaride la heshima, bendi, viongozi na kamera. Nilifurahi kuona heshima hiyo ikiletwa Ukambani, na bado naifurahia. Lakini kutoka Ithookwe hadi Mutha ni mwendo mrefu wa barabara mbaya, na mtu wa Mutha huipima serikali kwa namna inavyofika kwake siku za kawaida.

Msimamo wangu ni huu. Sipingi gwaride, na siungi mkono wanaosema kwamba heshima ni anasa ya matajiri. Wazee waliopita London mwaka 1946 walistahili makofi yote waliyopigiwa, na kosa halikuwa lao. Kosa lilikuwa la dola iliyowaonyesha hadharani na kuwapunja faraghani. Kosa hilo hilo linaweza kurudiwa na serikali ya Waafrika, ikiwa itawapeleka askari wa Gilgil kwenye sherehe za nje ilhali wenzao walioko kazini hawana tandiko jipya, chanjo, wala nyumba ya kulala. Kinachomtofautisha askari wetu na yule wa Kanada ni kazi, kama alivyosema Kijana. Tukiacha kazi hiyo ife tutabaki na sare tu, na sare peke yake Wakanada wanatushinda.

Kwa hiyo nakubaliana na Afande katika jambo moja, kwamba mafunzo ya gwaride na mafunzo ya kazi yanaweza kuwa mamoja. Askari wakialikwa nje, waende bila farasi, wapande wale watakaoazimwa, na gharama ya safari itangazwe hadharani kabla ya kuondoka. Wachaguliwe kutoka miongoni mwa waliofanya doria, na wawemo wanawake.

Lakini hilo ni la pili. La kwanza ni swali ambalo wabunge wa Kitui na Makueni wanapaswa kumuuliza Inspekta Jenerali wa Polisi ndani ya Bunge, kwa maandishi, wakati wa bajeti: kikosi cha ASTU kina farasi wangapi na ngamia wangapi walio hai na wenye afya, wako wapi leo, na ni lini kituo cha askari wa ngamia kitafunguliwa Kitui mashariki? Wewe uliyesoma hadi hapa, kama ni mpiga kura wa kaunti hizi mbili, mpelekee mbunge wako swali hilo kabla ya kiangazi kijacho.